Ukungu Nje, Ukavu Ndani

Kazi ya kutotolesha niliianza Tanga, nikiwa muosha trei. Mwenye mashine alikuwa mzee aliyestaafu ufundi wa mafriji, na mashine aliiunda mwenyewe: sanduku kubwa la mbao lenye kuta mbili, katikati kajaza maranda, ndani kafunga feni, hita na thamostati. Wateja wengi walileta mayai ya kuku. Ya bata yalikuja kwa nadra, na mzee hakuyapenda. Alikuwa akisema bata ana mama yake, aachwe amwatamie. Nilikuja kumwelewa baadaye. Kuku anatoka siku ya 21. Bata wetu wa mitaani, huyu mwenye vinyama vyekundu usoni, anataka siku 35, na joto likipotoka kidogo mwanzoni lina majuma matano ya kuonyesha madhara yake. Bata mweupe wa Pekin ana nafuu, siku 28. Ndiyo maana ukitaka kuwatoa wote pamoja, huyu wa mitaani unamtanguliza wiki nzima.

Mzee alinifundisha kushika nyuzi 37.5 bila kuyumba. Feni ikiwa inazunguka, ndiyo hiyo. Sanduku lisilo na feni linataka karibu nyuzi 38.5, zipimwe usawa wa mgongo wa yai, kwa sababu hewa ya juu na ya chini hazilingani. Ili kuhakiki kipimajoto cha mashine alikuwa akikilinganisha na kile cha zahanati cha kuwekwa kwapani. Unyevu hakuuzungumzia kabisa. Karai la maji lilikaa chini ya mashine, likiisha tunajaza, basi.

Sikushangaa wakati ule. Tanga hewa yenyewe ilitufanyia kazi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 37.5, inabaki na unyevu wa asilimia 50 na kitu, na mayai ya bata yanahitaji kama 55 kwa sehemu kubwa ya safari. Tulikuwa tunapata kwa bure kitu ambacho wengine wanakihangaikia. Shida yetu ilikuwa upande wa pili, hasa masika: vifaranga walivimba, wakashindwa kugeuka ndani ya ganda, wakafa wamelowa. Dawa ilikuwa kuondoa karai na kufungua matundu ya hewa.

Kisha mume wangu akapata kazi kwenye chai huko Njombe, nami nikamfuata. Kikundi cha kina mama kilikuwa na mashine ya kiwandani, nzuri, yenye kugeuza mayai yenyewe. Waliponisikia nimetoka kwenye kazi hiyo wakanikabidhi. Kijana aliyenitangulia alikuwa amekausha karai la maji kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa na mantiki kwa macho: Juni ile ukungu ulishuka hadi mlangoni, nguo hazikauki, ukuta unatoka jasho. Maji ya nini tena? Lakini mayai yaliyokwama tulipoyavunja, vifaranga wa bata walikuwa wamekamilika, manyoya tayari, utando umewakaukia mwilini kama waliopakwa gundi. Wamekufa kwa ukavu, na nje kuna ukungu.

Hili ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kuwaeleza watu, na bado wengine hawaniamini. Hewa ya baridi haibebi maji mengi, hata ikiwa imejaa. Chukua hewa ya asubuhi ya Njombe, nyuzi 8, ukungu mtupu, yaani unyevu wa asilimia 100. Iingize kwenye mashine ipate nyuzi 37.5 bila kuiongezea hata tone. Unyevu wake unaporomoka chini ya asilimia 20. Hewa ile ile iliyolowesha koti lako inageuka kuwa kavu ndani ya sanduku. Halafu kuna urefu wa nchi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji hupenya haraka zaidi kutoka kwenye vitundu vya ganda. Yai linapigwa mara mbili.

Nikarudisha karai, nikaongeza la pili, nikatundika kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji ili sehemu ya kuvukiza iwe pana. Upana wa maji ndio unaoleta unyevu. Kina chake hakina maana. Kipima unyevu cha mashine nilikijaribu kwa chumvi: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko, itie maji iwe uji mzito, ifungie na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa usiku kucha. Kikisema asilimia 75, kiko sawa. Chetu kilikuwa kinasema uongo. Nikaamua kutumia vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevikwa utambi uliolowa. Kikavu kikisoma 37.5 na chenye utambi 29.5, uko kwenye 55. Ila utambi lazima ubadilishwe, maana maji ya bomba huacha chokaa, na utambi uliojaa chokaa hukudanganya kwamba unyevu upo.

Hata hivyo vyote hivyo vinapima hewa. Yai lenyewe linapimwa kwa mzani. Yai la bata linapaswa kupoteza kama asilimia 13 ya uzito wake mpaka siku linapohamishiwa kwenye trei ya kuangulia. Kwa bata mweupe ni siku ya 25, na yai la gramu 80 linapungua karibu gramu 3 kwa wiki. Huyu wa mitaani, kwa kuwa siku zake ni nyingi, anapungua polepole zaidi. Nilikuwa napima trei nzima kila Jumatatu na kuandika kwa penseli. Imepungua sana, naongeza maji. Imepungua kidogo, nafungua matundu. Tangu nilipoanza hivyo sikubishana tena na mtu kuhusu namba za kitabu.

Baada ya siku ya kumi huwa nafungua mashine kila siku kwa robo saa hivi, nayanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu. Wengi wanadhani hiyo ni kwa ajili ya unyevu. Mimi naona kazi yake kubwa ni kupoza: kifaranga wa bata akishakua anatoa joto lake mwenyewe, na yai linapanda juu ya joto la mashine. Bata jike anafanya hivyo hivyo, anatoka kula na kuoga, anarudi na tumbo bichi. Umeme ukikatika sikuwa na hofu kubwa. Madumu ya maji ya moto yalitosha. Yai linavumilia kupoa kuliko kuungua.

Siku za mwisho unyevu unapandishwa hadi 65, na wakianza kutoboa hata 75 au 80, joto linashushwa kidogo, mlango unafungwa. Hapo ndipo wateja huwa wagumu.

“Kamwene, mama. Huyu si ameshatoboa tangu jana? Msaidie basi.”

“Kamwene, baba. Mwache. Damu bado iko kwenye utando na kiini hakijaingia tumboni. Ukimvuta sasa, anakufa mkononi mwako.”

Kifaranga wa bata anaweza kukaa hata siku mbili tangu tundu la kwanza mpaka atoke, na kila unapofungua mlango kumwangalia, unyevu wote unatoka nje.

Siku hizi mashine zimejaa madukani, na wauzaji watakuonyesha kioo chenye namba zinazowaka. Wewe unayejiandaa kununua, bakiza fedha ya mzani wa jikoni unaosoma gramu. Muuzaji hatakutajia, lakini pima trei kabla ya kuiingiza, na uipime tena kila wiki.