Kiwanja Gani cha Ndege Kimfae Msafiri wa Umra?

Mungaa ni nchi ya mawe na upepo. Mtu atokaye Singida mjini akaja kwetu huona mawe makubwa yamelaliana kama ng'ombe waliopumzika, na baina yake mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Bahari hatuna, reli hatuna, na ndege za safari za mbali twaziona juu tu, nyeupe na ndogo mno, zikipita kwenda tusikokujua. Walakini katika miaka hii ya karibuni watu wa kwetu wanakwenda Umra, huyu kwa mazao yake, yule kwa fedha alizoletewa na watoto walioko mijini, na suali la kwanza wanalotuletea barazani baada ya sala ya Alasiri si la tawafu wala la sa'yi. Hutuuliza: "Maalim, nipandie ndege wapi, na nishukie wapi?"

Zamani tulilidharau suali hili. Tulisema hayo ni mambo ya wauza tiketi. Kazi yetu sisi walimu wa chuo ni kufundisha nguzo na wajibu. Tulikosea, na kosa letu lilimgharimu mtu mwingine, basi ni haki tulieleze hapa ili wasomaji wetu wasilirudie.

Mwaka 2023 mzee mmoja wa jamaa zetu, mkulima wa alizeti aliyekusanya akiba yake kwa miaka mingi, alikata tiketi ya kutoka Dar es Salaam mpaka Jeddah, kwa kubadili ndege njiani. Alipotuuliza tukamjibu upesi: "Jeddah ndio mlango wa Makka, nenda kwa amani." Mkaza mwanawe akamfungia shuka zake mbili za ihramu vizuri kabisa, akazitia katika begi kubwa, na begi kubwa likachukuliwa kwenye mizani pale kiwanjani likaenda tumboni mwa ndege. Hakuna aliyemwambia kuwa atazihitaji angani. Ndege ilipokaribia Miqati tangazo likatolewa, wenzake wakaanza talbiya, naye amekaa na kanzu yake na suruali, hana la kufanya. Akadhani kuwa pasipo shuka hapana ihramu, akangoja mpaka Jeddah. Huko akaambiwa kuwa amevuka Miqati bila ya kuhirimia, na kwa kuwa hakuweza kurudi nyuma, ilimlazimu kuchinja mnyama kwa ajili ya maskini wa Haram. Fedha akakopa kwa wenzake.

Aliporudi alitujia nyumbani, akaketi kitambo bila ya kusema. Kisha akasema: "Maalim, hukuniambia." Hatukuwa na jawabu. Deni lile tulilipa pamoja naye, nusu kwa nusu, lakini maneno yale mawili bado tunayo.

Na jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Ihramu ni nia, si kitambaa. Mtume S.A.W. aliruhusu asiyepata shuka ya kujifunga avae suruali, na hadithi hiyo imepokewa na Ibn Abbas R.A. Basi mzee wetu angeweza kuvua kanzu, akabaki na suruali, akajifunika mabega kwa blanketi la ndege, akatia nia na kuleta talbiya, na Umra yake ingekuwa salama. Na hata kama angetia nia akiwa na kanzu yake kwa dharura, angelipa fidia ya kuvaa nguo iliyoshonwa, ambayo mtu hukhiarishwa baina ya kufunga siku tatu, kulisha maskini sita au kuchinja, na huenda kufunga kungemtosha mtu mwenye mfuko mwepesi. Haya yote tulikuwa tumeyasoma. Hatukuyafundisha kwa sababu tulikuwa tukifikiri kama watu wa meli na ngamia, ambao huifikia Miqati kwa miguu yao au kwa bahari ya polepole.

Tangu siku ile tumekuwa wanafunzi wa viwanja vya ndege. Watoto wa chuo hutucheka wakituona tumeinamia tiketi ya mtu na miwani puani, lakini twaona faida yake.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kuwa jina la mji halitoshi. Kila kiwanja kina herufi zake tatu, nazo ndizo za kutazamwa. London ina viwanja sita vinavyojiita kwa jina lake, na baadhi yake, kama Luton na Stansted, viko mbali kiasi cha kilomita 50 na zaidi kutoka katikati ya mji. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kimoja upande wa Asia, na bahari imepita katikati. Dubai navyo viwili. Nairobi, ambako baadhi ya watu wa kaskazini ya nchi yetu hupandia, ina kiwanja cha Jomo Kenyatta kwa safari kubwa, na Wilson kwa ndege ndogo. Mtu aliyenunua tiketi mbili mbalimbali, ya kwanza ikamshusha kiwanja hiki na ya pili ikamngoja kiwanja kile, hupoteza safari hali yumo ndani ya mji ule ule alioandikiwa.

Na tusidhani kuwa haya ni ya ugenini tu. Dar es Salaam ina kiwanja kimoja, kwa jina la Julius Nyerere, lakini majengo yake ya abiria ni matatu, na Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, ndilo la safari za nje. Anayetoka Dodoma kwa ndege hushukia jengo jingine, na baina ya hayo mawili si mwendo wa mzee mwenye mizigo kwa miguu. Dodoma nayo, mji tuliouzoea kwa kiwanja chake kidogo kilichomo katikati ya nyumba, iliwekewa jiwe la msingi la kiwanja kikubwa cha kimataifa huko Msalato mwaka 2022. Basi hata jirani yetu Dodoma imeingia katika hesabu ya miji ambayo lazima uulize: kiwanja kipi?

Mwaka huu alitujia mama mmoja, mjane, pamoja na mwanawe wa kiume ambaye ndiye mahramu wake. Magoti ya mama huyu hayana nguvu, na fedha alizokuwa nazo zilikuwa za kuuza ng'ombe wanne na kiwanja cha marehemu mumewe. Mwana alikuwa na njia tatu katika simu yake, naye alikwisha elekea ile iliyo rahisi kwa bei: kupandia Kilimanjaro na kushukia Jeddah. Mama hakusema kitu. Tukawaomba watupe siku mbili.

Kwa Kilimanjaro, njia ya kutoka Singida hupita Katesh chini ya mlima Hanang, kisha Babati na Arusha. Ni njia nzuri, yote lami, na kiwanja chenyewe, kilichofunguliwa mwaka 1971, hakina msongamano mkubwa. Lakini ni siku nzima ya kukaa basini, na nani asiyekumbuka Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Hanang likaangamiza watu na nyumba pale Katesh na njia ikafungwa? Safari yao ilikuwa ya msimu huo huo wa mvua.

Kwa Dar es Salaam, mtu hushuka kutoka kwetu kwa njia ya vumbi mpaka barabara kuu, akapita Ikungi, Issuna, Manyoni, akateremka bonde la Kintinku na Bahi mpaka Dodoma. Zamani kutoka hapo kulikuwa na siku nyingine ya basi. Tangu mwaka 2024 iko treni ya umeme, nayo humfikisha mtu Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Wazee wetu walipanda treni ya makaa pale Manyoni wakalala njiani. Mama huyu angekaa kwenye kiti laini, akasimama na kunyoosha magoti yake kila alipotaka. Hilo pekee lilitutosha kuchagua. Tena tukamwambia mwana: lala Dar es Salaam usiku mmoja kwa jamaa, usiifukuzie ndege siku ile ile. Akasema ni gharama. Tukamwambia ndiyo, ni gharama.

Likabaki suali la kushukia, ambalo ndilo kubwa.

Mtume S.A.W. aliwawekea watu wa kila upande Miqati yao, akasema kuwa ni zao na za kila apitaye hapo katika wasiokuwa wenyeji wake, akiwa amekusudia Hija au Umra. Ndege itokayo upande wa Ghuba kwenda Jeddah huvuka sawa na Qarn al-Manazil, iliyo karibu na Taif, dakika chache tu kabla ya kutua. Ndege itokayo Addis Ababa huvuka Bahari ya Sham, na hapo wanazuoni wana maneno mengi juu ya mahali pa kulingana. Mwenye hadhari hutia nia mapema, kabla ndege haijaanza kushuka. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikutana Amman likathibitisha kuwa anayepita Miqati angani humlazimu kuhirimia kama anayepita ardhini. Basi anayeshukia Jeddah akikusudia Makka hana budi kuwa tayari angali kitini: ameoga kwao au mahali pa kubadilia ndege, shuka zake zimo katika mkoba wa mkononi, na macho hayana usingizi.

Hatusemi Jeddah ni mahali pabaya, hasha. Jengo lake la Mahujaji, lililofunguliwa mwaka 1981 pamoja na kiwanja chenyewe, limeezekwa mahema meupe makubwa ya kitambaa yanayopitisha hewa pasipo kuta. Katika waliolibuni alikuwamo mhandisi Mwislamu, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, naye alifia Jeddah mwaka 1982. Mwenye nguvu na ujuzi, aende Jeddah, kwani kutoka hapo mpaka Makka ni kiasi cha kilomita 100 tu. Na anayeshukia Jeddah lakini amekusudia kwanza kwenda Madina, huyo hahirimii mpaka atakapotoka Madina.

Lakini anayeshukia Madina hupumzika. Kutoka kiwanjani mpaka Msikiti wa Mtume haizidi kilomita 20. Hukaa siku zake, huzuru, hujifunza kwa waliomtangulia, kisha siku ya kwenda Makka huhirimia Dhul Hulayfa, mahali pale pale alipohirimia Mtume wetu S.A.W. Pana msikiti mkubwa na maji ya kutosha, na basi husimama. Treni ya Haramain, iliyoanza mwaka 2018, haisimami hapo; anayeipanda hujitayarisha kabla ya kutoka nyumbani, akatia nia mara ianzapo safari.

Siku ya pili mama alikuja peke yake. Tukamweleza kuwa njia ya Madina imezidi ile ya kwanza kwa kiasi cha bei ya ng'ombe mmoja, na kuwa Jeddah nayo ni halali. Tusingependa auze kitu kwa maneno yetu tu. Akauliza: "Yule mzee wa mwaka ule, ng'ombe alimpata wapi?" Tukamwambia ilivyokuwa. Akacheka kidogo, akasema: "Basi mimi nimuuze wangu kabla ya kwenda, si baada ya kurudi."

Tukaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, DAR na MED, na chini yake: Jengo la Tatu; kadi ya chanjo ya uti wa mgongo; mavazi ya ihramu ya mwana katika mkoba wa mkononi hata kama wanashukia Madina, kwa kuwa ratiba hubadilika. Mwana akaitia ndani ya pasi yake.

Waliondoka alfajiri na mapema, upepo ukivuma kama kawaida yake. Siku ya kumi na moja simu yetu ililia baada ya Adhuhuri, tukiwa chuoni na watoto. Ilikuwa sauti ya mama, na nyuma yake sauti nyingi za talbiya. Akasema wako Dhul Hulayfa, mwanawe amekwisha oga na kujifunga shuka, na yeye amepata kiti cha kukalia huku akingoja basi. Kisha akauliza kama mvua imenyesha Mungaa.