Ndoo ya Mama na Shahada Yangu

Mwaka niliporejea kijijini kwetu, wilayani Kongwa, nikiwa nimetunukiwa shahada ya uzamivu miezi michache tu nyuma, nilimkuta mama akijiandaa kumimina mbegu za mtama katika ndoo ya maji. Ilikuwa jioni, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. "Mama, mbegu hizo zitaoza," nilimwambia. Alinitazama kidogo, akazirudisha kwenye kibuyu. Hakubishana. Mwanawe alikuwa daktari.

Tulipanda mbegu kavu. Jua likawaka siku kadhaa mfululizo, na mtama ukaota kwa mabaka. Mama akalazimika kurudia mashimo mengi kwa mbegu alizoomba kwa jirani, ambaye zake alizilowesha na shamba lake likaota vizuri. Siwezi kuapa kwamba ndoo pekee ndiyo iliyotutofautisha, maana mashamba hayafanani. Ninachoweza kuapa ni kwamba sikumuuliza mama hata swali moja kabla ya kumkataza.

Baadaye nilisoma. Mbegu ikifukiwa, hatua yake ya kwanza ni kunywa maji. Ndipo vimeng'enya huamka, chakula kilichohifadhiwa huanza kuvunjwa, na kizizi hutoka. Katika ardhi kame kama ya Dodoma, unyevu wa juu unaweza kutoweka kabla ya safari hiyo kukamilika. Kulowesha ni kuitanguliza mbegu hatua moja. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameyajaribu haya pamoja na wakulima wa India na Zimbabwe. Mtama hutosheka kwa takribani saa 10, mahindi saa 12 hadi 18. Kisha mbegu huanikwa kivulini ganda likauke, na kupandwa siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu. Muda ukizidi, huchipua ndani ya ndoo na kuharibika. Na mbegu iliyopakwa dawa kiwandani isiloweshwe: dawa huoshwa, na maji hayo ni sumu.

Nimetembelea maonyesho ya Nanenane mara nyingi. Nimeona mabanda ya mbegu, mbolea na matrekta. Sijaona banda la ndoo ya maji. Kisicho na muuzaji hukosa mtangazaji. Hapo ndipo taaluma ya umma ingepaswa kusimama, lakini sisi wasomi huandika matokeo yetu kwa lugha ambayo mama zetu hawaisomi, kisha hushuka vijijini kufundisha kabla ya kuuliza. Dharau hiyo haiandikwi katika sera yoyote, ila gharama yake hulipwa shambani.

Msimu uliopita nilimpigia mama simu, nikamuuliza mbegu zake hukaa majini kwa muda gani.

"Tangu jua kuzama hadi jogoo wa kwanza, mwanangu," alijibu.

Nilihesabu kimoyomoyo. Ni kama saa 10.