Angalia mkia kabla hujamwita sato

Mwaka jana mimi na mume wangu tulichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Fedha zilitoka kwenye upatu wangu, na nyingine, nakiri, tulizichota kwenye akiba ya ada za watoto. Hesabu yetu ilikuwa rahisi: vifaranga 1,000 vya sato, tuwalishe, tuwauze, na ada irudi mahali pake kabla ya Januari.

Muuzaji wa vifaranga alituapia kwamba ni sato halisi, tena madume matupu. Madume ndiyo yanayotafutwa na wafugaji, kwa sababu majike yakianza kuzaa mapema bwawa hujaa watoto, chakula kinagombaniwa na hakuna anayekua.

Siku ya kuvua tulitoa samaki wa ukubwa wa kiganja. Baadhi ya majike yalikuwa yamebeba mayai mdomoni, maana ndivyo sato na ndugu zake wanavyotunza watoto wao. Vidagaa wasiohesabika walirukaruka kwenye tope. Mume wangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia. Ni mwenyeji wa Majita, Mkoa wa Mara, na ameparua samaki wa Ziwa Victoria tangu utotoni. Aliinama, akamshika mmoja, akamgeuza.

"Nani amewaambia hawa ni sato?"

Akaomba mabeseni matatu, akawaita wajukuu. "Njooni mjifunze. Samaki hatambulishwi na aliyemuuza."

Alianza na mkia. Sato ana mistari myembamba ya wima kwenye pezi la mkia, imepangika tangu shinani hadi ukingoni, kama kitenge cha mistari. Ukiikuta imekamilika hivyo, mtie beseni la kwanza. Mwingine alikuwa mweusi zaidi, ana madoa meupe mwilini na kwenye mapezi, mkia hauna ile mistari. Huyo beseni la pili. Baadaye nilielezwa kwamba asili yake ni maziwa ya Albert na Edward, upande wa Uganda na Kongo, akaletwa ziwani kwetu miaka ya 1950.

Beseni la tatu ndilo lililojaa. Hao walikuwa na mistari iliyokatikakatika, nusu ya mkia ina mistari na nusu haina, na wengine walikuwa na mistari ya sato na madoa ya yule mwingine kwa pamoja. Mama mkwe aliwaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Hawa siwajui."

Binti yetu wa miaka 10 alitaka kupanga kwa rangi, lakini bibi yake akamkataza. Rangi inadanganya. Dume la sato likiwa tayari kuzaa huwa na wekundu, likitishwa hupauka, na maji ya tope hubadilisha sura ya samaki yeyote. Mistari ya mkia ni shahidi mzuri kuliko rangi.

Afisa uvuvi alipokuja siku mbili baadaye, alisifu kazi ya bibi, kisha akatuongezea somo. Samaki wa beseni la tatu ni chotara, alisema. Tofauti na mnyama anayezaliwa na punda na farasi, ambaye kwa kawaida hazai, chotara wa samaki hawa huzaa. Wanaweza kupandana tena na sato, na baada ya vizazi vichache mtoto akafanana na sato kabisa huku ndani ana damu ya pande mbili. Hapo jicho halitoshi, hata la mama mkwe. Kinachoweza kusema ukweli ni kipimo cha vinasaba.

Mume wangu aliuliza kama tunaweza kuwamwaga wale wadogo kwenye kijito kilicho jirani. Aliona huruma kuwaua. Kijito hicho kinaishia ziwani. Afisa alikataa katakata.

Nilipomsikia mama mkwe akiguna, nilijua kuna jambo. Jioni ile alituhadithia juu ya ngege. Alipokuwa mtoto, samaki wa heshima nyumbani kwao alikuwa ngege, si sato. Mkia wake hauna mistari ya sato, na kichwa chake ni kidogo kidogo. Kulikuwa pia na mbiru, ambaye mapezi yake yana ukingo wa rangi ya chungwa. Hao ndio wenyeji. Sato tunayemwona leo kama mwenyeji wa Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950, na sangara akapandikizwa miaka hiyohiyo na iliyofuata. Nyavu zilikuwa zimeshampunguza ngege kabla ya hapo. Wageni wakaja wakagombea naye chakula na mahali pa kuzalia, na sato akazaliana naye pia. Wajukuu zake hawakuwahi kumwona.

"Mtu mmoja akimwaga ndoo moja," alisema, "haoni alichofanya. Anayeona ni mjukuu wake."

Basi wale wadogo tuliwakausha wakawa kitoweo cha kuku. Wakubwa tuliwala na kuwauzia majirani kwa bei ya chini, tukiwaambia wazi ni samaki gani. Ladha yao haikuwa na kasoro yoyote. Fedha ya ada haikurudi yote, na mpaka leo tunalipa kidogo kidogo.

Lakini jambo lililoninyima usingizi lilitokea mezani usiku uleule. Mume wangu, kwa hasira, alisema, "Chotara hana maana." Binti yetu aliacha kula. Baba yake ni Mjita, mimi ni Mnyiramba wa Singida. Shuleni wenzake humtania kwamba hajui Kijita wala Kinyiramba.

"Baba, na mimi ni chotara?"

Mume wangu alishindwa kujibu. Mimi pia. Bibi yake ndiye aliyemvuta karibu.

"Mjukuu wangu, sato na ngege ni aina mbili za samaki. Watu ni aina moja tu. Baba yako na mama yako ni kama sato wa Mwanza na sato wa Musoma. Na hata hawa chotara hawana kosa. Mwenye kosa ni aliyetuuzia akijua, au bila kuangalia."

Maneno hayo yalimrudisha mume wangu kwenye adabu, akamwomba binti yake radhi mbele yetu sote. Tena chotara si lazima awe hasara. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling aliandika jinsi walivyopandisha, huko Malacca, madume ya perege wenye asili ya Zanzibar na majike waliotoka Java, wakapata watoto karibu wote madume, ndicho mfugaji anachotamani. Hao walichanganywa kwa makusudi, wazazi wao wakijulikana. Wetu walikuja na jina la uongo.

Kwa mzazi mwenzangu anayefikiria bwawa, nasema hivi. Usinunue vifaranga kwa kuvitazama, kwa sababu wakiwa wadogo hufanana mno, na aina nyingi huwa na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni. Omba uonyeshwe wazazi wao, uangalie mikia yao mmoja mmoja. Zuia maji ya bwawa lako yasitoroke na samaki. Na usimwage samaki wa bwawani mtoni, hata akiwa mmoja.

Sisi tulikausha bwawa mpaka tope likapasuka, tukaanza upya na vifaranga 300 tu. Safari hii binti yetu ndiye aliyekagua wazazi wao, na wawili aliwakataa.

Desemba tutakwenda kwetu Singida. Nimemwambia kwamba ngege wa bibi yake walipandikizwa kwenye maziwa ya huko pia, hata kwa Kiingereza anaitwa kwa jina la Singida. Mama mkwe aliposikia, alisema na yeye anakuja. Ameshafunga mzigo, na Desemba bado.