Mfarishi wa bibi na kompyuta ya Ngamiani

Neno mfarishi unalijua? Usikimbilie kamusi kwanza. Niliwauliza wenzangu wanne kazini Dar, wote watoto wa mjini na digrii zao, mmoja akasema lazima ni mtu anayefuga farasi, mwingine akasema ni cheo cha msikitini. Haya. Mfarishi ni lile tandiko la tabaka tatu: kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba au usufi au blanketi, halafu vyote vinashikizwa kwa mishono inayopenya toka juu mpaka chini ili cha katikati kisijikusanye pembeni. Wamarekani wana wazimu nao, wana maonyesho ya mifarishi yanayojaza kumbi nzima. Sisi wa pwani neno tunalo, ila kitu chenyewe wengi tumekiacha, na wala situlaumu. Nani ajifunike mfarishi Tanga mwezi wa Februari? Shuka lenyewe unalipiga teke saa sita usiku.

Sasa mimi nimekaa siku tisa Ngamiani nikitazama mfarishi ukipangwa kwenye kompyuta, na leo nataka niwasimulie ilikuwaje.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, kama ilivyo kwetu. Mama mdogo yuko Muscat huu mwaka wa kumi na nne, na mpaka apate ruhusa kazini na tiketi ya ndege, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Hakuwahi. Baada ya arobaini likaja suala la nguo. Kwetu nguo za marehemu hutolewa sadaka, na mama mkubwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alishaanza kuzifunga furushi. Mama mdogo akapiga simu. "Dada, mimi sina hata kitambaa cha mama." Simu ikawa kimya pande zote mbili.

Aliyeleta wazo la mfarishi ni binamu yangu. Huyu ana kijiduka Ngamiani, kompyuta moja na mashine moja ya Kichina ya kudarizi yenye sindano kumi na mbili. Anatengeneza beji za sare za shule, majina ya timu kwenye fulana, shingo za kanzu, na msimu wa harusi mashuka. Alisema: kanga za bibi tuzikate viraka, tutengeneze mfarishi mmoja, aende nao Muscat ambako viyoyozi vinawagandisha watu mchana kweupe. Mama mkubwa alimtazama kama mtu aliyependekeza tuuze nyumba. "Kukata kanga za mama? Na sadaka je?"

Hapo ndipo ikabidi tuzihesabu. Sandukuni kulikuwa na kanga kumi na moja: doti tatu kamili, na tano mojamoja. Mnajua doti ni kanga mbili, na mnajua pia bibi zetu walivyokuwa: akinunua doti, moja anajifunga, ya pili anampa shoga yake, jirani, au mwanamke aliyekuja kumsaidia kupika. Mama mkubwa akaweka sharti: kila kanga itakayokatwa, mwenzake itoke sadaka. Doti tatu hazikuwa na tabu. Lakini zile tano? Mama yangu, ambaye huwa hazungumzi sana mbele ya dada yake, akasema polepole: "Dada, hizo tano wenzake wameshatoka. Mama alitoa mwenyewe kwa mkono wake." Mama mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akaenda jikoni. Kwa wasiomjua, hiyo ndiyo ruhusa.

Naomba nichepuke hapa, maana kuna jambo linanifurahisha. Tunaona kanga kama kitu kisichokatika, lakini kanga yenyewe ilianza kama viraka. Kwa historia inavyosimuliwa, nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na miji mingine ya pwani walikuwa wakinunua leso za mraba zilizoletwa na biashara ya Wareno (neno leso lenyewe ni lao), zikiuzwa kwa jora kabla hazijakatwa. Wao wakakata sita, wakaziunga tatu juu tatu chini, wakapata vazi moja. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuchapisha kitambaa kizima. Wamombasa mpaka leo wanaiita leso. Na yale maneno ya kanga, ambayo sisi tunayaita jina, yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana kuyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake zimeandikwa "Mali ya Abdulla" na ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye Kirumi. Watu wa Tanga hawahitaji kuhadithiwa habari hizo. Hapo Horohoro ukishavuka, kanga za Mombasa ziko karibu kuliko za Dar.

Turudi kwa binamu. Alizitundika kanga ukutani mojamoja, futi kamba pembeni, akazipiga picha akiwa amesimama wima kabisa mbele yake, maana ukipiga kwa upande picha inapinda na vipimo vinadanganya. Akaziingiza kwenye programu, akaiambia toka hapa mpaka hapa ni sentimita 150. Basi, kuanzia hapo programu inajua kila ua lina ukubwa gani. Kitanda tulikubaliana tano kwa sita, kiraka futi moja kila upande, kwa hiyo viraka thelathini kutoka kanga nane. Unachukua kidirisha cha mraba unakiburuta juu ya picha ya kanga mpaka upate sehemu unayoitaka, programu yenyewe inaongeza nafasi ya mshono robo inchi pande zote, kisha kiraka kinakwenda kukaa kwenye mfarishi upande wa pili wa skrini. Hujagusa mkasi bado. Wenzetu wana programu za aina hii siku nyingi, kampuni ya Electric Quilt ya kule Ohio, Marekani, ilianza mwaka 1991. Binamu yeye alitumia hii hii ya kudarizia beji, akailazimisha.

Mama mkubwa alikuja siku ya pili "kuangalia tu". Kuna kitufe kinachopanga viraka vyenyewe bila mpangilio maalumu. Binamu akakibofya kumwonyesha maajabu. Akatoa miwani yake, akasogelea skrini.

"Hicho cha kisutu kwa nini kimekaa pembeni?"

"Kompyuta imeweka, mama mkubwa."

"Iambie kompyuta huyo ni bibi harusi."

Kisutu, kwa vijana wa mijini, ni ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi. Cha bibi hakina jina, na ndicho alichoolewa nacho. Kikahamishiwa katikati. Kuanzia hapo mama mkubwa alivuta kiti, akawa anawaketisha viraka kama wageni kwenye shughuli: huyu asikae na yule, hii ya bluu alinunua siku mjomba wako alipozaliwa, hii ya njano alipewa na mkwe na hakuipenda, iweke chini miguuni. Saa nne nzima. Sijawahi kupata mahojiano kama yale, na nimehoji mawaziri. Habari nyingi za bibi nimezijua siku ile, kwa sababu ya kidirisha cha futi moja kinachoburutwa kwa kipanya.

Tatizo kubwa lilikuwa majina. Jina la kanga huwa refu, kwenye hizi zetu kama sentimita 75, na kiraka chetu ni 30. Programu haijui Kiswahili, inakata tu. Moja ya kanga hizo ni ile maarufu, "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Kwenye skrini kikatokea kiraka kilichosomeka NAOGOPA SIMBA, basi, na mama yangu akacheka mpaka akatokwa machozi. Bibi yangu, mwanamke aliyegombana na mjumbe wa nyumba kumi mbele ya watu, akalale Muscat akiogopa simba! Mama mkubwa hakucheka. Alisema jina likikatwa bora kazi iishe hapo.

Binamu alilala na hilo usiku kucha. Asubuhi akaja na hesabu kwenye karatasi. Kanga nane, kisutu hakina jina, yanabaki majina saba. Saba mara 75 ni mita tano na robo. Mzunguko wa mfarishi ni futi 22, kama mita 6.7. Kwa hiyo majina yakatwe marefu kama yalivyo, yazungushwe ukingoni, na ile mita moja na nusu inayobaki izibwe na pindo la kisutu. Ikawa majina yenyewe ndiyo pindo. Ikabaki mjadala mmoja tu, herufi zielekee wapi. Kanga mwilini inasema na aliye nyuma yako, wewe mwenyewe huisomi. Mama alitaka ziwaelekee wageni wanaoingia chumbani. Mama mkubwa akakataa: zimwelekee aliyelala. "Huyu ndiye anasemeshwa."

Mshono sasa. Kule Marekani wana mashine ndefu kama meza ya chakula, mfarishi mzima unavingirishwa juu yake na kichwa cha mashine kinatembea kwenye reli kikifuata mchoro wa kompyuta. Mashine ya binamu fremu yake kubwa inachukua sentimita 35 hivi. Kwa hiyo kila kiraka kilishonwa peke yake, kanga juu, blanketi jepesi la mtumba katikati, amerikani chini, kisha vikaungwa. Na maktaba ya michoro yake imejaa mawaridi, mioyo na majani ya miti ambayo haioti Tanga. Mama akaleta kofia ya babu. Ni kofia ya viua, bibi aliishona kwa mkono, tundu baada ya tundu, na juu yake kuna ua moja lenye ncha nane ambalo mama anasema bibi alilirudia kwenye kila kofia aliyoshona.

Kulihamisha ua lile hakukuwa kazi ya kupiga picha na kubofya. Mkono unashona tundu hili, unakata uzi, unakwenda kule. Mashine ukiikatisha uzi kila mara unapata fundo kila mahali. Inataka mstari mmoja unaoingia upande huu, uzunguke ncha zote nane, utokee upande wa pili bila kujikanyaga. Tena kanga zenyewe zimechoka, nyingine ukizishika dhidi ya dirisha unaona barabara. Ukishona kwa msongamano wa beji ya shule sindano inakata kitambaa kama muhuri wa stempu. Binamu alirefusha hatua ya mshono mpaka milimita tatu, akabandika nyuma ya kanga kitambaa chepesi cha gundi kwa pasi, akajaribu kwenye shuka bovu mara sita. Lililokubali lilikuwa na mishono 1,340. Dakika mbili na ushee kwa kiraka. Kiraka cha kumi na saba umeme ukakatika, tukakaa nje tunakunywa kahawa, uliporudi mashine ikauliza kama iendelee kutoka mshono wa 812. Ikaendelea, na ukitafuta alama hutaiona.

Mfarishi ulisafiri na mtu kwenye begi lake, kilo tatu na nusu. Mama mdogo alipiga simu ya video akiwa amekaa kitandani, na kwa muda mrefu hatukuona uso wake, tuliona mkono tu ukipita ukingoni ukisoma majina. Alipofika kwenye simba alisoma kwa sauti ya bibi. Kabisa, ile kupandisha mwishoni. Kisha akauliza nani ameshona ua la kofia ya baba.

Sasa kuna jambo limezuka. Faili la ua lile liko kwenye kompyuta ya binamu, amelipa jina bibi1. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua mashuka ya harusi aliliona kwenye skrini akalipenda, anataka pea tatu, na pesa nzuri. Binamu hakuthubutu, akampigia mama mkubwa. Mama mkubwa alimuuliza huyo bibi harusi ni mtoto wa nani, wa wapi. Akaambiwa wa Pangani.

"Mwambie aje mwenyewe nimwone," alisema.

Anakuja Jumamosi.