Picha Niliyoikosa

Msomaji, ukipita Kikopey leo katika barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, pua itakuarifu kwamba umefika kabla macho hayajasoma kibao, kwa maana moshi wa nyama choma hapo haukatiki. Wasafiri husimama wakala, wakalipiga picha Ziwa Elmenteita na heroe wake, kisha wakaenda zao. Mimi nilikulia hapo, na nilipokuwa na umri kama wako nilitamani picha ya namna nyingine.

Mwaka 1971 niliazimwa kamera, na ndani yake mlikuwa na filamu ya picha 12 tu. Nikaenda kwa miguu hadi Gilgil, kwenye duka la Mhindi mmoja tulikozoea kununua sukari na mafuta ya taa. Siku moja ya Diwali nilikuwa nimemwona mama mwenye duka amevaa sari nyekundu ya hariri, ukingo wake wa rangi ya dhahabu, na bangili tele mikononi. Sura ile sikuisahau. Lakini siku niliyokwenda na kamera nilimkuta katika sari ya pamba iliyochujuka, ncha yake ameichomeka kiunoni, anapima sukari, na daftari la madeni liko wazi kando ya mizani.

Nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, tafadhali vaa ile sari nyekundu, nikupige picha."

Akanitazama kitambo. "Mwanangu, wataka picha yangu au ya nguo zangu? Nipige hapa hapa, mizanini."

Nikaona haya kukataa waziwazi, nikasema nitarudi siku ya Diwali, ambayo ilikuwa bado miezi mitatu. Kwa kweli nilikuwa naihurumia filamu yangu.

Baadaye nilipata kujua kwamba swali lake lilikuwa la zamani kuliko sisi sote wawili. Kati ya mwaka 1868 na 1875 Waingereza waliotawala India walichapisha mabuku 8 ya picha za watu wa nchi ile, wakiwapanga kwa makabila na matabaka kama mtu apangavyo vipepeo kwa pini. Huku kwetu nako ziliuzwa kadi za posta zilizoandikwa "Mwanamke wa Kihindi", basi, jina hakuna. Wapiga picha wa Kihindi waliofungua studio katika pwani yetu, kama Ranchhod Oza aliyeanzisha Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, au N. V. Parekh wa Mombasa, walifanya kazi kwa njia nyingine. Mteja alikwenda kwa hiari yake, amevaa alichokichagua mwenyewe, akalipa, akatoka na sura yake mkononi. (Kwangu mimi, kule kulipa si jambo dogo: aliyelipa ndiye aliyeamuru.) Mama yule naye aliamuru, ila mimi sikumsikia.

Diwali ilipofika nilikwenda. Mlango ulikuwa na kufuli. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilikuwa imewabana wasio raia, na maduka mengi ya Wahindi katika miji midogo yalikuwa yakifungwa. Jirani akaniambia kwamba wameshasafiri kwenda Uingereza.

Filamu niliimaliza kwa kuwapiga picha heroe wa Elmenteita. Zote 12 ninazo hata leo.