Baridi Hupanda Kutoka Chini



Wiki hii nawaomba mnivumilie, maana nitawasimulia habari za mpira ambao wengi wenu hamjapata kuuona, na za glavu za mzee mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, mahali ambapo mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani na watoto huamkia jikoni penye moto. Kwa sababu hiyo, nilipohamia Regina, mji mkuu wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, nilikuwa na kiburi kuhusu baridi. Wenzangu wa Tanga na Mombasa walipoanza kutetemeka mwezi wa Oktoba, mimi nilitembea koti likiwa wazi. Jirani yangu, mkulima wa ngano aliyestaafu, aliliona koti lile akanyamaza.

Mzee huyo alikuwa shabiki wa Saskatchewan Roughriders, timu iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo si mali ya tajiri yeyote bali ni ya jamii yenyewe. Rangi yao ni kijani, na wapo mashabiki wanaokomba tikiti maji na kulivaa kichwani kama kofia, jambo ambalo mwanzoni nililidhani ni wazimu. Mpira wenyewe ni ndugu wa ule wa Marekani, lakini si pacha wake. Wachezaji ni 12 kila upande badala ya 11, na timu hupewa majaribio matatu tu, si manne, ya kusogeza mpira yadi 10. Msimu huanza Juni na kuishia Novemba kwa fainali ya Kombe la Grey, lililotolewa mwaka 1909 na Gavana Mkuu wa Kanada, Earl Grey.

Naam, Novemba! Fainali ya mwaka 1991 mjini Winnipeg ilianza kukiwa na nyuzi 17 chini ya sifuri. Ile ya mwaka 1977, mjini Montreal, ilichezwa juu ya barafu, hata wachezaji wa timu ya wenyeji wakapigilia pini za stepla katika nyayo za viatu vyao ili wasiteleze. Walishinda 41 kwa 6.

Basi, siku moja ya mwisho wa msimu, katika mwaka wangu wa kwanza kule, mzee alinialika uwanjani. Alikuja na mfuko wenye buti kubwa, glavu za akiba na kipande kinene cha sponji. Nikamshukuru, nikamwambia kwamba kwetu pia kuna baridi. Akasema, “Sawa, kijana,” akausukuma mfuko chini ya kiti.

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na upepo. Kumbe baridi ya uwanjani hupanda kutoka chini, kwenye saruji, ikapenya soli na kushika nyayo. Nilikuwa nimevaa soksi mbili za pamba ndani ya viatu vilivyobana, nikidhani mbili ni bora kuliko moja. Pamba hushika jasho, na kiatu kinachobana huzuia damu, tena hakiachi nafasi ya hewa, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Ilipofika mapumziko sikuvisikia vidole vya miguu. Niliendelea kupiga makofi ili mzee asigundue.

Aligundua. Katika robo ya tatu aliinama bila neno, akatoa sponji na kuisukuma chini ya miguu yangu. Zile glavu za akiba zilikuwa baridi kama chuma. Akazivaa yeye, akanivika zake mwenyewe, zilizokwisha kupata joto. Zilikuwa za aina ile inayoweka vidole vinne katika chumba kimoja ili vipashane joto. Mimi nilikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyofuata mkewe aliniambia kwamba vidole vya mzee viliwahi kuganda ujanani, akiwa shambani, na tangu hapo baridi kidogo tu humtesa. Usiku ule baada ya mchezo hakulala kwa maumivu. Nilikwenda kumwomba radhi. Akauliza, “Radhi ya nini?” kisha akaanza kunieleza makosa ya mlinzi wa kushoto.

Toka hapo nilivaa nilichoambiwa: sufu mwilini, soksi moja nene ndani ya buti pana, sponji miguuni, na vile vifuko vya unga wa chuma ambao hupata moto ukikutana na hewa. Chupani tuliweka chai. Pombe humdanganya mtu kuwa ana joto huku ngozi yake ikilipoteza.

Fainali ya mwaka 2009 tuliitazama sebuleni kwake. Mashabiki wa timu hii hujiita mchezaji wa 13, na siku ile, katika sekunde za mwisho, Montreal walikosa teke la ushindi, lakini ikaonekana kwamba Saskatchewan walikuwa na watu 13 uwanjani. Teke likarudiwa, likaingia, 28 kwa 27. Mzee alizima televisheni, akaenda kuondoa theluji mlangoni ambapo hapakuwa na theluji.

Sasa miguu yake haipandi tena ngazi za jukwaa. Mimi ndiye ninayekwenda na wageni wapya, na mfuko ninao. Novemba 2025 niliacha kualika mtu, nikaketi naye kutazama fainali ya Winnipeg, tena dhidi ya Montreal. Zilipobaki dakika chache, huku Saskatchewan wakiongoza, aliniomba nifungue dirisha. Mkewe akapinga kutoka jikoni. Nililifungua kidogo, nikaenda kuzileta zile glavu, nikamvisha, na tukaona Saskatchewan wakishinda 25 kwa 17, sote wawili tukitetemeka.