Barua kutoka Kitui: Ndengu Zenye Anwani ya Nairobi

Dada mpendwa,

Nilifika salama. Basi la Mombasa lilinishusha Kibwezi, nikapanda matatu ya kupitia Ikutha na Mutomo. Siku hizi ni lami mpaka Kitui mjini. Lile vumbi jekundu lililokuwa likitupaka nywele sasa limebaki huko kwenye mibuyu.

Nisikuchoshe na njia. Uliniagiza nikaione supamaketi ya Naivas ya Kitui, nami nimeenda na mama mkwe, kajifunga leso yake ya harusini. Hakwenda kununua, alikwenda kukagua. Alisukuma toroli tupu kutoka rafu hadi rafu, akisoma bei kwa sauti na kuguna, mpaka tulipofika kwenye mikate ya moto. Hapo harufu ikamshinda.

Sisi tuliozoea kupimiwa sukari robo na kuandikiwa deni daftarini, duka ambalo hakuna anayekuuliza unataka nini linatuduwaza kidogo. Lakini hata hawa Naivas walianzia chini: mwaka 1990, duka la mtaa huko Rongai, Nakuru. Leo wana matawi zaidi ya 100, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na washirika wake wa Ulaya walinunua asilimia 40. Sijasahau Nakumatt, ile supamaketi iliyojiona haishikiki, ilivyoanguka na madeni ya waliokuwa wakiiletea bidhaa. Ndiyo maana mkulima wa huku ukimtajia supamaketi, haulizi bei kwanza. Anauliza pesa zitaingia lini.

Mimi nilikwama kwenye nafaka. Ndengu, dada! Kwenye pakiti ya nusu kilo, zimechambuliwa, zinang'aa, na anwani ya Nairobi mgongoni. Mama mkwe akaipindua pakiti mara mbili, akanitazama kama mimi ndiye niliyezipeleka huko. Kwao zinatoka shambani kwa gunia, dalali anataja bei akiwa bado kwenye lori. Faida inakaa kwenye kuchambua na kufunga, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuiona ikifanyika hapa hapa. Majirani wa Makueni walilijua hilo mapema: kaunti yao ilijenga kiwanda Kalamba, wakaanza kusindika maembe yaliyokuwa yakiozea chini ya miti.

Basi mama mkwe akalipia mkate mmoja kwa M-Pesa, akanikokota hadi soko la Kithomboani. Huko ndengu zinapimwa kwa gorogoro, zinarundikwa mpaka zimwagike, kisha unaongezewa konzi ya juu bila kuomba. Alipiga soga na muuzaji hadi miguu ikaniuma.

Asali ya Mwingi nimeshakupatia. Ndengu sijanunua, kwani sijui kama mwaka huu bado mna zile za zamani. Nitumie ujumbe kabla ya Jumamosi: gorogoro mbili au tatu?

Nduguyo